Kuwahi tangazo la ufadhili ukiwa mtafiti wa afya na idadi ya watu Moshi

Tangazo likitoka, hesabu siku kurudi nyuma kuanzia ya mwisho. Angalia saa pia: saa 11 jioni ya London ni saa 2 usiku hapa, lakini majira yao ya joto ni saa 1 usiku. Bajeti na barua ya chuo viombe wiki ya kwanza, maana saini za wakubwa ndizo zinazokwamisha.

Takwimu za awali za kuweka kwenye ombi zipo tayari. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022, faili la wanawake lina wenye miaka 15 hadi 49. Gawanya safu ya v005 kwa 1,000,000 upate uzito (kiasi ambacho kila mhojiwa anahesabiwa), kisha tumia safu ya v021 kwa vishada (maeneo yaliyochaguliwa ambamo watu walihojiwa) na v023 kwa matabaka (makundi ambayo sampuli iligawanywa kabla ya kuchaguliwa). Ukiacha uzito, mikoa midogo iliyochukuliwa sampuli kubwa itavuta wastani wa taifa. Ukiacha vishada, matokeo yataonekana ya uhakika kuliko yalivyo. Wakaguzi huliona kosa hili haraka, na ni haki yao kulikataa ombi.

Gharama za kibali cha maadili ziwemo kwenye bajeti. Mshirika wako akiwa mgeni, ongeza kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.