Treni ikichelewa, dai nauli yako: ninavyofanya mimi huku Uingereza

Mimi ni mtu wa Tanga, napika katika jiko la hospitali London, na nalala mji wa pembeni ambako kodi ya nyumba inabebeka. Asubuhi treni, jioni treni. Kwenda na kurudi nalipa pauni 18, na kwa jinsi ninavyochelewa, bosi wangu haulizi tena kwa nini. Anauliza dakika ngapi.

Kuchelewa kwenyewe nakuvumilia, hata daladala huharibika njiani. Lakini kondakta wa daladala atakwambia, "Oya, shukeni, gia imekufa." Huku ubao unaandika treni inakuja baada ya dakika 5. Zinapita, unaandika 5 nyingine. Spika inaomba radhi, sababu haitaji, halafu ghafla treni imehamishiwa jukwaa la 4 na sote tunapanda ngazi mbio kama tunafukuza mwizi.

Basi usisubiri kuambiwa. Fungua tovuti ya Realtime Trains kwenye simu, tafuta treni yako, uone imepita kituo gani na saa ngapi. Kama bado haijaondoka ilikoanzia, hizo dakika 5 za ubaoni ni hadithi. Nenda kanunue chai.

Pili, piga picha tiketi yako kabla hujafika getini. Geti la mwisho huimeza tiketi ya karatasi isirudi, na ushahidi wako umekwenda nayo. Piga picha na ubao.

Sasa hela. Mpango wa fidia unaitwa Delay Repay, na kampuni nyingi za treni wanao. Ukifika umechelewa dakika 15 hadi 29, unarudishiwa robo ya nauli ya safari ile. 30 hadi 59, nusu. Kuanzia 60, yote. Tiketi ya kwenda na kurudi hugawanywa mara mbili, kwa hiyo safari yangu moja ni pauni 9: robo ni pauni 2.25, nusu ni 4.50. Ukichelewa saa 2 au zaidi, unadai pauni 18 zote. Jaza fomu kwenye tovuti ya kampuni ndani ya siku 28. Wakikupa kuponi, kataa, chagua pesa benki.

Mama mmoja wa Mombasa tuliyezoeana jukwaani aliniambia, "Mwanangu, wamesema ni majani yameanguka relini. Hiyo si kazi ya Mungu? Nitawadaije?" Nikamwambia, "Mama, dai tu. Hawaangalii kosa ni la nani, wanaangalia umefika saa ngapi."

Kuna mtego mmoja. Ratiba inayohesabiwa ni ile iliyotangazwa hadi saa 4 usiku wa kuamkia safari. Wakiifuta treni yako jioni ile kabla ya saa hiyo, kesho yake ni kama haikuwahi kuwepo, na utapimwa kwa treni inayofuata. Siku za theluji au upungufu wa madereva, mimi huangalia ratiba kabla ya kulala. Treni ikifutwa na ukaamua kutosafiri kabisa, rudisha tiketi upewe nauli nzima bila makato.

Wakikukataa, usinyamaze. Mimi waliniandikia kwamba treni yangu ilichelewa dakika 12 tu. Kweli, ile ya kwanza. Ila kwa dakika hizo 12 niliikosa ya kuunganisha, nikafika kazini nusu saa nyuma, na kinachohesabiwa ni kituo cha mwisho cha tiketi. Nikajibu kwa mistari mitatu na picha mbili. Kama wangeng'ang'ania, ningewaomba barua ya msimamo wao wa mwisho niipeleke Rail Ombudsman, msuluhishi asiyetoza hata senti. Haikufika huko. Walilipa 4.50, na barua pepe yao ikaniomba radhi kwa usumbufu.