Namna ya Kuwaandikia Wahitimu Wenzako Habari za Kazi na Maisha

Mhitimu aliyesoma Mwanza, iwe Malimbe katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino au kule Bugando kwenye chuo kikuu cha afya, akitaka kuwajulisha wenzake alipofikia, aanze na mwaka aliohitimu, fani aliyosomea na mahali anapoishi sasa. Sentensi moja yatosha.

Kazi ndiyo inayostahili nafasi kubwa. Usiishie kutaja cheo, kwa kuwa cheo peke yake hakimwambii mwenzako unafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Eleza shughuli yenyewe, namna ulivyoipata na muda uliosubiri. Ikiwa ulisomea uhasibu na leo unanunua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kuwasafirisha mikoani, andika hivyo bila kuficha, ukieleza jinsi unavyotunza hesabu za magunia, mtaji na nauli, kwa sababu yupo mdogo wako wa chuo anayetafuta njia kama hiyo wala hana wa kumwuliza. Miezi ya kukaa bila ajira nayo itajwe. Binafsi naona hiyo ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi kwa wanaohitimu sasa.

Habari za ndoa na watoto ziwe fupi, na jina la mtu mwingine lisitajwe kabla hajaridhia. Habari ya msiba wa mwenzenu ithibitishwe kwanza na familia.

Kabla ya kutuma, msomee mtu wa nyumbani kwa sauti, urekebishe anapokwama kuelewa, kisha weka tarehe na namba ya simu unayopatikana.