Kitabu cha TCU: usiishie kwenye pointi

Juzi nimemsaidia mdogo wangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kuomba uhandisi chuo kikuu. Kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wengi wanaona pointi za chini 4.0 za kidato cha sita (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1) wanachekelea. Hizo zinakuruhusu kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, wenye ufaulu mkubwa ndio wanaopita. Telezesha kidole hadi safu ya idadi ya nafasi. Uhandisi ujenzi kila mtu anautaka, kwa hiyo weka pia kozi isiyovuma, kama ya umwagiliaji, yenye nafasi za kutosha. Ukikosa Hisabati au Fizikia ujanja huu haukusaidii. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali, nayo inaangalia ufaulu wa juu wa sayansi, basi mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) omba hata kama unategemea scholarship hiyo.