Jinsi ya kusoma utafiti wa dawa ya mitishamba: tuanze na chai ya artemisia ya Maniema

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu, wauguzi, wafamasia wenzangu na waganga wa tiba asili ambao kila mara huonyeshwa kwenye simu ya mgonjwa habari kwamba utafiti umethibitisha mmea fulani unatibu. Miaka yangu nyuma ya kaunta ya duka la dawa imenionyesha kuwa majibu mawili ya haraka yote yana madhara. Ukimcheka mgonjwa, ataendelea kunywa na hatakwambia tena. Ukimkubalia bila kusoma, umebeba dhamana ya kitu usichokijua. Basi tusome.

Mfano wetu ni utafiti uliofanyika mwaka 2015 katika jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuchapishwa na jarida la Phytomedicine katika toleo la 2019. Wagonjwa 957 wa malaria ya falciparum, aina iliyo hatari zaidi, waligawanywa: wengine walipewa dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini, wengine chai ya Artemisia annua, wengine chai ya Artemisia afra. Siku ya 28, chai ya annua iliripotiwa kuponya asilimia 88.8, chai ya afra asilimia 96.4, na dawa mseto asilimia 34.3 tu. Habari hiyo ilienea haraka, na mpaka leo bado naletewa.

Hatua ya 1: Itafute makala yenyewe

Picha ya skrini si utafiti, na video ya dakika tatu pia si utafiti. Ingia PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu mtandaoni ambayo ni bure, andika jina la kisayansi la mmea pamoja na jina la ugonjwa, kwa mfano Artemisia annua malaria. Usitumie jina la mtaani, kwa sababu mimea miwili tofauti inaweza kuitwa jina moja katika wilaya mbili jirani. Kama habari haitaji jina la kisayansi wala jarida, mwombe aliyekutumia akupe. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Hatua ya 2: Angalia kama makala bado imesimama

Hii inachukua nusu dakika na karibu kila mtu anairuka. Makala ikibatilishwa, yaani jarida likitangaza kuwa haipaswi kutegemewa tena, PubMed huweka tangazo juu kabisa ya ukurasa. Kuna pia hifadhidata ya Retraction Watch ya makala zilizobatilishwa, ambayo tangu 2023 iko wazi kwa kila mtu. Makala ya Maniema ilibatilishwa na jarida lililoichapisha, pamoja na nyingine ya watafiti haohao kuhusu chai hizohizo na kichocho.

Mtu anaweza kusema tuishie hapo. Mimi sikubali. Kati ya siku makala ilipotoka na siku ilipobatilishwa, wasomaji walikuwa na maandishi peke yake mbele yao, bila tangazo lolote, na utafiti wa kesho utakukuta katika hali hiyohiyo. Dalili zilikuwepo ndani ya namba zenyewe. Hatua zinazofuata zinakufundisha kuziona.

Hatua ya 3: Uandike utafiti kwa sentensi moja

Chukua karatasi. Nani walitibiwa, walipewa nini, walilinganishwa na nani, kilipimwa nini, kwa muda gani. Ukishindwa kujaza sehemu moja baada ya kusoma makala nzima, tatizo huenda si lako. Tafiti nyingi za mitishamba zinazosambaa zilifanyika kwa panya au kwenye vyombo vya maabara. Ukijaza sehemu ya "nani" tu, zinajionyesha.

Hatua ya 4: Lichunguze kundi la kulinganisha

Hapa ndipo ninapowataka vijana wa mafunzo wakae muda mrefu. Wengi huitazama dawa mpya na kuisahau ile ya zamani iliyowekwa kando yake. Fanya kinyume: anza na dawa ambayo tabia yake unaijua.

Artesuneti na amodiakwini imepimwa mara nyingi barani Afrika, na kwa kawaida huponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa baada ya kuondoa maambukizi mapya kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani huzitaka nchi zibadilishe dawa ya malaria pale inaposhindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa. Sasa tazama asilimia 34.3. Kama namba hiyo ni ya kweli, Maniema kulikuwa na janga la usugu ambalo lingepaswa kutangazwa siku ileile. Kama si ya kweli, basi kipimo, dawa au hesabu ina kasoro, na ushindi wa chai unategemea kasoro hiyo.

Mtetezi wa chai atasema: kule mbu ni wengi, wagonjwa waliambukizwa upya ndani ya siku 28, kwa hiyo dawa ilionekana dhaifu. Ni hoja nzuri, inastahili jibu la famasia. Amodiakwini hubadilika mwilini kuwa kemikali inayodumu kwenye damu kwa wiki kadhaa, ikimlinda mgonjwa dhidi ya kuumwa upya. Artemisini, kiungo tiba cha kwenye chai, hutoka damuni ndani ya saa chache. Maambukizi mapya yakiwa mengi, aliyekunywa chai ndiye angeugua upya kwanza. Matokeo yaliyoripotiwa yamegeuka juu chini ukilinganisha na tunavyojua dawa hizi zinavyofanya kazi. Kutofautisha vimelea vilevile vilivyorudi na vimelea vipya kunahitaji kipimo cha vinasaba cha PCR, kwa kulinganisha damu ya siku ya kwanza na ile ya siku homa iliporudi. Katika utafiti wowote wa malaria, tafuta kama kilifanyika.

Jiulize pia kuhusu ufichaji, yaani kama mgonjwa alifichwa asijue amepewa dawa ipi. Chai ya artemisia ni chungu na ina harufu yake. Makala ikisema mgonjwa hakujua anakunywa nini, tafuta maelezo ya jinsi kikombe cha kuigiza kilivyotengenezwa.

Hatua ya 5: Uliza mmea gani, kiasi gani, umeandaliwaje

Kiungo kinachoua vimelea kwenye Artemisia annua ni artemisini. Artemisia afra, ya huku kwetu Afrika, ina artemisini kidogo mno au haina kabisa. Hata hivyo makala ilidai afra ndiyo iliyoponya zaidi. Huenda kuna kiungo kingine kwenye afra, na hilo lichunguzwe kwa heshima zote, lakini dai kubwa namna hiyo halisimami juu ya utafiti mmoja.

Maandalizi yanabadilisha kila kitu. Mtafiti wa dawa Tu Youyou na wenzake nchini China walikuwa wakichemsha mmea huu na kupata matokeo yasiyotabirika. Andiko la tabibu wa kale Ge Hong, la karne ya 4, lilisema uloweke kwenye maji, ukamue, unywe maji yake, halikutaja kuchemsha. Tu akapunguza joto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, badala ya maji moto, na mwaka 1971 dondoo lake likafuta vimelea kwa wanyama wa maabara. Mwaka 1972 artemisini ikatenganishwa, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Hadithi hii napenda kuwasimulia wanaodhani sayansi na tiba za asili ni maadui: maandishi ya zamani yalitoa njia, maabara ikapima kila hatua.

Artemisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Utafiti mwingine wa Kongo, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta lita moja ya chai ya gramu 9 za majani ina takriban miligramu 94 za artemisini. Tiba ya artemisini safi iliyotumika zamani kwa mtu mzima ilifika miligramu 500 kwa siku au zaidi.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Utafiti huohuo wa 2004 ni mwalimu mzuri. Homa ilishuka haraka na vimelea vikapungua upesi. Siku ya 7, chai ilikuwa imeponya wastani wa asilimia 74 na kwinini asilimia 91. Baadaye wengi wa waliokunywa chai wakarudiwa na vimelea. Watafiti waliandika wazi kuwa chai peke yake haiwezi kupendekezwa badala ya dawa za kisasa. Hivyo mgonjwa anayekwambia "nilikunywa nikapona" hasemi uongo. Alipata nafuu kweli. Siku ya 7 haikuonyeshi kitakachotokea siku ya 21, ndiyo maana tafiti za malaria hufuatilia siku 28 au 42.

Dozi ndogo ya artemisini bila dawa mwenza ina hatari nyingine: huacha vimelea vilivyozoea dawa. Mabadiliko ya jeni ya K13 ya vimelea, yanayohusishwa na usugu wa kiasi dhidi ya artemisini, tayari yameripotiwa Rwanda, kaskazini mwa Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa haliungi mkono matumizi ya artemisia kwa namna isiyo ya kifamasia kutibu wala kukinga malaria.

Hatua ya 7: Tafuta usajili na ridhaa

Jaribio la kitabibu husajiliwa kabla ya kuanza. Tafuta namba yake kwenye daftari la majaribio la Afrika, PACTR, au lile la Marekani, ClinicalTrials.gov, ulinganishe walichoahidi kupima na walichoripoti. Angalia kamati iliyotoa kibali cha maadili na jinsi wagonjwa walivyoridhia.

Hatua ya 8: Angalia unachochanganya nacho

Hata mmea usiotibu unaweza kuharibu kazi ya dawa inayotibu. Nchini Afrika Kusini, jaribio lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa watu wanaoishi na VVU mmea wa Lessertia frutescens kwa wiki 24, wengine wakipewa vidonge vya kuigiza. Waliotumia mmea walikuwa na siku nyingi zaidi za maambukizi, na wawili kati yao wakapata kifua kikuu huku wakimeza isoniazidi ya kukinga ugonjwa huohuo. Jaribio halikuwa kubwa, ila lilipangwa vizuri na watafiti hawakuficha walichokiona. Huo ndio utafiti ninaoutamani kwa mimea yetu. Marekani nako vidonge vya kitunguu saumu vilishusha kiwango cha dawa ya VVU ya saquinavir kwenye damu karibu kwa nusu. Kiungo cha jikoni kikigeuzwa kidonge cha kila siku, kihesabu kama dawa.

Hatua ya 9: Zungumza na mgonjwa

Anza kwa kuuliza: "Mama, mbali na hivi vidonge, unatumia nini kingine nyumbani?" Mwombe alete majani au chupa yenyewe. Mwambie ulichokisoma kwa maneno yake, bila kumtisha. Kwa homa, pima kwanza. Kipimo kikionyesha malaria, mpe dozi kamili ya dawa mseto. Mtoto anayetapika kila kitu, mwenye degedege au asiyeamka vizuri, apelekwe kituo cha afya papo hapo, chai isubiri.

Andika kwenye kadi yake jina la mmea, sehemu iliyotumika, kiasi na tarehe alipoanza. Akipata madhara, jaza ripoti: Tanzania ni fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya ni kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Madhara ya mitishamba nayo yanaripotiwa huko, na jina la mganga si lazima liandikwe.