Somo: Jinsi ya kuirudia Breaking Bad kabla hujaigusa episodi ya mwisho

Habari zenu wakuu. Hili somo nimewaandikia wale walioangalia Breaking Bad, ile tamthilia ya Kimarekani ya mwalimu anayegeuka mpika dawa za kulevya, zamani wakaishia katikati ya sizoni ya tano, na wale waliofika mpaka Ozymandias, episodi ya 14 ya sizoni hiyo, wakashindwa kuendelea kwa sababu roho iliwauma, na nawajua wengi tu wa namna hiyo, episodi ya mwisho imekaa kwenye flashi miaka na miaka haijafunguliwa. Kama sa hivi umeamua kuimaliza basi usiikurupukie, irudie kwanza toka mwanzo, maana ukiifungua Felina, ndo hiyo ya mwisho, ukiwa umesahau mambo ya sizoni ya kwanza utaona watu wanapigana tu na nusu ya maana itakupita.

Felina yenyewe sitaigusa hapa. Mengine yote nayataja wazi wazi, kwa hiyo kama hujawahi kuiona kabisa ishia hapa hapa, kaiangalie, afu urudi.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya muda wako

Episodi ziko 62 kwenye sizoni tano. Ya kwanza ina 7, ya pili, ya tatu na ya nne zina 13 kila moja, ya tano ina 16 ila ilirushwa kwa mafungu mawili, nane mwaka 2012 na nane mwaka 2013. Kila episodi ni kama dakika 47 hivi, kwa hiyo unazungumzia karibu masaa 48. Mbili kila usiku unamaliza kwa mwezi mmoja na hicho ndo kipimo ninachokishauri. Hii sio tamthilia ya kukesha nayo, ukizipiga sita kwa mkupuo zinachanganyikana kichwani na vitu vidogo vidogo vinakupita, na vitu vidogo ndo sababu yenyewe ya kurudia.

Hatua ya pili: sabtaito

Kabla hujaanza hakikisha faili lako lina sabtaito za sehemu za Kispania. Kuna kopi nyingi mtaani hazina na mtu anaziangalia hivyo hivyo anaona sawa. Sasa chukua Hermanos, episodi ya nane ya sizoni ya nne, inaturudisha nyuma Mexico, Gus Fring, ambaye baadaye ndo bosi wa dawa anayempikia Walter, yuko pembeni ya bwawa la kuogelea na mwenzake Max wanaomba biashara kwa Don Eladio, mkuu wa genge la dawa za kulevya, na maongezi karibu yote ni Kispania. Pale pale Hector Salamanca, mtu wa Eladio, anampiga Max risasi ya kichwa, Gus anakandamizwa chini analazimishwa kumtazama mwenzake damu ikiingia bwawani. Usipoelewa kilichosemwa pale hutaelewa kwa nini Gus anaenda kumtesa kwa maneno Hector huyo huyo, ambaye sasa ni mzee wa kwenye kiti cha magurudumu, na episodi mbili mbele, kwenye Salud, akirudi kwenye bwawa lile lile na chupa ya tequila utaona ni ugomvi wa biashara tu.

Zile zilizotafsiriwa na ma-DJ nazipenda na zina raha yake, ila kwa kazi hii hazifai, DJ anaongea juu ya ukimya na kwenye tamthilia hii ukimya ndo umebeba mambo.

Hatua ya tatu: mfuate Walter kwa neno familia

Hii ndo hatua kubwa, ukikosa muda wa zingine zote fanya hii. Fungua sehemu ya kuandikia kwenye simu, kila Walter White akisema anafanya kwa ajili ya familia andika episodi na andika wakati huo alikuwa na njia gani nyingine.

Sisi tumezoea steringi tunakuwa upande wake tu, akiua ana sababu, akidanganya ana sababu. Na huyu mwanzo anakupa kila sababu ya kumhurumia, mwalimu wa kemia Albuquerque, ametimiza miaka 50, mke mjamzito, mtoto ana mtindio wa ubongo, jioni anaosha magari mpaka ya wanafunzi wake, afu anaambiwa ana kansa ya mapafu. Nani atamhukumu?

Sasa nenda sizoni ya kwanza episodi ya tano, inaitwa Gray Matter. Elliott, rafiki yake wa zamani aliyeanzisha naye kampuni, anampa kazi yenye bima nzuri ya afya. Walter anagundua kwamba Elliott ameshaambiwa habari za kansa na anakataa. Gretchen, mke wa Elliott, naye anampigia simu anarudia kwamba pesa ipo. Anakataa tena na anarudi kwa Jesse, kijana mshirika wake, kupika dawa. Afu anamdanganya mkewe Skyler kwamba Elliott na Gretchen ndo wanaolipia matibabu.

Simamisha hapo. Pesa ilikuwepo, halali, kutoka kwa watu wanaompenda, na tupo episodi ya tano tu kati ya 62. Mara ya kwanza wengi tunapita hapo haraka tunataka kuona mambo ya Tuco, yule muuza dawa katili, ila ukirudia unaona kabisa kwamba mlango ulikuwa wazi na yeye ndo kaufunga kwa mkono wake.

Endelea na daftari lako. Sizoni ya pili episodi ya kwanza anapiga hesabu, ada za chuo za watoto, mkopo wa nyumba, matumizi, anapata dola 737,000, akifikisha hizo anaacha. Ziandike. Ukifika Gliding Over All, sizoni ya tano episodi ya nane, Skyler anampeleka kwenye stoo anamfunulia lundo la noti limepangwa kama kitanda, hata yeye mwenyewe hajui ni kiasi gani maana ameshindwa kuzihesabu, anamuuliza zinatakiwa ngapi ndo zitoshe. Na episodi mbili kabla ya hiyo, kwenye Buyout, Walter anamwambia Jesse kwamba aliuza hisa zake za ile kampuni kwa dola 5,000 na sasa ina thamani ya dola bilioni 2.16, na kwamba huwa anaangalia hiyo thamani kila wiki. Kila wiki! Jamaa anaongea kuhusu familia huku jicho liko kwa Elliott.

Uzi huo huo unakuja kukaza kwenye Granite State, episodi ya 15, iliyo kabla ya mwisho. Walter amejificha kwenye kibanda cha msituni New Hampshire, amekonda, anaenda baa kumpigia mwanae simu, mwanae anamkataa kwa uchungu, Walter anapiga DEA, polisi wa dawa za kulevya wa Marekani, anaacha simu inaning'inia ili wamfuate. Amekata tamaa kabisa, anakaa kusubiri polisi. Afu kwenye tivii ya baa wanatokea Elliott na Gretchen wanasema mchango wake kwenye kampuni ulikuwa jina tu. Mtazame uso. Ukiwa na Gray Matter ya sizoni ya kwanza kichwani utajua nini kimewaka pale, na ndo utaingia Felina ukiwa na swali sahihi mkononi: ilikuwa ni kwa ajili ya nani? Felina inalijibu hilo swali na jibu lake sisemi.

Hatua ya nne: mianzo ya episodi usiipeleke mbele

Sizoni ya pili kuna episodi nne zinaanza na picha nyeusi na nyeupe za bwawa la nyumbani kwa Walter, mdoli wa dubu wa pinki anaelea, jicho moja limetoka. Majina ya hizo episodi ukiyapanga, Seven Thirty-Seven, Down, Over, ABQ, unapata habari kamili ya ndege 737 iliyoanguka juu ya Albuquerque. Walikwambia toka episodi ya kwanza ya sizoni. Ndege ziligongana kwa sababu muongoza ndege alikuwa Donald, baba yake Jane yule mpenzi wa Jesse, amerudi kazini na msiba kichwani, na Jane alikufa kwa kupaliwa na matapishi usingizini Walter akiwa amesimama pembeni anamwangalia. Yani mtu mmoja amekaa kimya chumbani kwa dakika chache, watu wakadondoka kutoka angani.

Sizoni ya tano nayo. Ya kwanza inaanza kwenye mgahawa wa Denny's, Walter ana ndevu na nywele, anapanga vipande vya nyama ya nguruwe viandike 52, anaondoka na gari lenye bunduki ya rashasha aina ya M60. Ya tisa inaanza nyumba yao imekuwa gofu, watoto wanateleza na ubao kwenye bwawa kavu, yeye anachomoa sumu ya ricin nyuma ya kava la soketi. Hizo mbili ziangalie tena dakika tano kabla ya Felina. Na pale Denny's mtazame mkononi. Kwenye Fifty-One, sizoni hiyo hiyo, Jesse amempa zawadi ya saa nzuri ya birthday. Iko wapi?

Hatua ya tano: ukiwa huna mwezi

Sizoni ya kwanza chukua ya 1, 5 na 6. Ya pili chukua ya 1, 12 na 13, na kwenye 13 sikiliza anachojibu Walter akiwa na dawa ya usingizi pale Skyler anapomuuliza kuhusu simu, ndoa inavunjikia kwenye sentensi moja. Ya tatu chukua 10, 12, 13. Ya nne kuanzia 8 mpaka 13 zote. Ya tano usiruke hata moja.

Hatua ya sita: zile tatu za mwisho

Ozymandias iangalie peke yake afu uzime. Iliongozwa na Rian Johnson, imeandikwa na Moira Walley-Beckett, ikarushwa tarehe 15 Septemba 2013, wiki mbili kabla ya Felina. Inaanza na Walter na Jesse siku ya kwanza ya kupika, jangwani kwenye lile gari, Walter anatembea pembeni anafanyia mazoezi uongo atakaomwambia Skyler kwenye simu. Wanafifia mmoja mmoja, gari nalo linafifia, na sehemu ile ile ndo Hank, shemeji yake Walter ambaye ni ofisa wa DEA, yuko chini na risasi mguuni. Baadaye Walter anasukuma pipa lake la pesa mchangani anaipita suruali, ndo ile iliyopeperuka kwenye episodi ya kwanza kabisa. Haijasemwa neno, imelala tu pale.

Pumzika siku moja. Siku inayofuata piga Granite State na Felina kwa pamoja.

MASWALI YA WADAU

Swali (mdau, Dodoma): Mkuu, ile episodi ya nzi naweza kuiruka? Watu wawili wanamfukuza nzi tu mpaka inaisha.

Jibu: Usiiruke mkuu wangu. Fly waliitengeneza ndani ya maabara tu kwa sababu bajeti ilikuwa imebana, ila ndani yake Walter, akiwa amelewa dawa za usingizi alizowekewa na Jesse kwenye kahawa, anaanza kuongea kuhusu usiku aliokufa Jane. Jesse yuko juu ya ngazi hajui anaambiwa nini. Fuatilia anakaribia vipi kukiri. Ukijua atakuja kulisema lini na kwa nia gani, kwenye Ozymandias, utaumia mara mbili.

Swali (mdau, Nakuru): Niaje, huku mabeshte wananiambia nianze na Better Call Saul juu ni stori ya kabla. Ni poa ama?

Jibu: Hapana kaka, iache kwanza. Better Call Saul ilitoka 2015 mpaka 2022, ina episodi 63, na ina vipande vyeusi na vyeupe vya Omaha ambavyo vinatokea baada ya Breaking Bad, sio kabla. Filamu ya El Camino ya 2019 ndo kabisa usiisogelee, inaanzia pale Felina inapoishia.

Swali (mdada, Tanga): Samahani, mimi Skyler ananikera sana. Nikipeleka mbele sehemu zake kuna ninachokosa?

Jibu: Dada yangu unakosa karibu tamthilia nzima, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Huyu mama watu walimchukia mpaka Anna Gunn, aliyemuigiza, akaandika makala kwenye New York Times mwezi Agosti 2013 kuhusu hiyo chuki. Yeye ndo mtu wa kwanza nyumbani anayeona kwamba anadanganywa, na kila anachomwambia Walter kinatimia. Kwenye Fifty-One anaingia bwawani na nguo zake mbele ya wageni, afu usiku anamwambia mumewe ukweli kwamba anachosubiri ni kansa irudi. Mwangalie yeye kama ndo steringi kwa episodi hiyo moja tu, afu uniambie. Gunn alishinda Emmy ya muigizaji msaidizi mwaka 2013 na 2014, na alistahili.

Swali (mdau, hajasema alipo): Je, inafundisha kweli kutengeneza dawa? Nina wadogo zangu nyumbani.

Jibu: Haifundishi. Walikuwa na mshauri wa kemia, profesa Donna Nelson wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, na hatua muhimu ziliachwa makusudi. Ile rangi ya bluu ni ya kwenye tamthilia tu, na vile vipande unavyoviona ni sukari. Ila kwa wadogo bado haifai, kuna mauaji ya kikatili na kuna mtoto anapigwa risasi kwenye Dead Freight. Waache wafike miaka 18.

Swali (mdau, Mwanza): Sizoni ya kwanza mbona fupi hivyo? Nilidhani kopi yangu ina mapungufu.

Jibu: Kopi iko sawa, ni 7 tu. Mgomo wa waandishi Marekani mwaka 2007 mpaka 2008 uliwakuta wanarekodi wakakatisha.

Swali (mdau, Dodoma tena): Nimeshafika Hermanos, nimeona kopi yangu haina maandishi ya Kispania kweli. Nifanyeje?

Jibu: Tafuta faili la sabtaito la episodi hiyo, lipe jina sawasawa na la video na uliweke folda moja nayo, pleya nyingi zitalisoma zenyewe. Likiwa linawahi au linachelewa, kwenye VLC kwa kompyuta ya Windows bonyeza G au H kulirekebisha. Afu irudie kuanzia pale bwawani, usiendelee mbele kabla hujasikia Don Eladio anamwambia nini Gus.