Lenzi fupi ya 35mm: funga fokasi mita 3 utembee

Wenye kamera za reinjifainda (zile unazofokasi kwa kulinganisha picha mbili kwenye kidirisha cha kutazamia) na kale kalenzi kafupi ka 35mm, jana nimezunguka nako soko la Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi nzima karibu bila kugusa fokasi. Weka f/8 (tundu la lenzi la kupitisha mwanga linakuwa dogo), zungusha fokasi hadi mita 3, acha hapo hapo. Kuanzia kama mita 2 hadi 7 picha inatoka kali, maana lenzi pana ukiibana hivyo eneo linaloonekana vizuri linakuwa refu, kwa hiyo mama anajaza viazi kwenye sado we unainua tu unapiga, ukianza kulinganisha zile picha mbili kwenye kidirisha ashakuona na kashaanza kupozi. Mita 3 kwangu ni hatua nne, pima zako nyumbani. Na kalenzi kenyewe hakazibi kidirisha, ndo maana nakapenda sana.

Inapogoma: mtu akiwa karibu chini ya mita 2, au ule ukungu wa Uyole alfajiri, mwanga mdogo spidi ya shata inashuka mpaka 1/30 ya sekunde na anayetembea anatoka kavurugika tupu, hapo fungua tundu mpaka f/2.8 urudi kufokasi kawaida. Wa filamu, siku za mawingu tumieni filamu ya ISO 400, inayohitaji mwanga mdogo.