Namna ya Kuchukua Sampuli ya Udongo kwa Ajili ya Kupima Virutubisho

Udongo wa hekta moja, ukihesabiwa hadi kina cha sentimita 20, huwa na uzito wa takriban tani 2,600, ilhali maabara hupima fosforasi, mojawapo ya virutubisho vya mimea, kwa gramu chache tu za udongo huo. Ndiyo maana makosa makubwa ya upimaji hutokea shambani kuliko maabara, na sampuli iliyochukuliwa vibaya haisahihishwi na mashine yoyote.

Kwanza ligawe shamba kwa kufuata rangi ya udongo, mwinuko, na historia ya mazao na mbolea, kisha kila sehemu uipe sampuli yake. Epuka vichuguu, mapito ya mifugo, vivuli vya miti na mahali palipowahi kurundikwa samadi au majivu. Usichukue sampuli muda mfupi baada ya kutia mbolea.

Pita shambani kwa zigizaga ukisimama mahali 15 hadi 20. Kila unaposimama, ondoa majani makavu bila kukwangua udongo wenyewe, chimba shimo la kina cha sentimita 20, kisha kata kwa koleo kipande chembamba kutoka ukutani, chenye unene ule ule juu hadi chini. Kikiwa kimelala juu ya koleo, kipunguze kwa kisu pande zote mbili, ubakize ukanda wa katikati wenye upana wa vidole viwili. Hatua hii haifai kuharakishwa hata kidogo: fosforasi haisogei kwa urahisi ardhini, hivyo anayezidisha udongo wa juu atapata majibu yanayoonyesha rutuba isiyokuwepo. Tumia ndoo ya plastiki, kwa kuwa ndoo ya bati lililopakwa zinki huharibu kipimo cha zinki.

Mimina udongo wote kwenye turubai safi, vunja mabonge, uchanganye vizuri, utandaze na kuugawa mafungu manne, kisha tupa mawili yanayotazamana. Rudia hadi ibaki takriban nusu kilo. Uanike kivulini, si juani wala karibu na moto. Udongo ukifungwa mfukoni ukiwa na unyevu, bakteria huendelea na kazi yao na kiasi cha naitreti, yaani naitrojeni katika umbo ambalo mimea huifyonza, hubadilika. Kwa hiyo, ikiwa naitreti ndiyo inayotafutwa, sampuli iwekwe kwenye ubaridi na ifikishwe maabara upesi.

Majibu yakija, tazama kwanza njia iliyotumika kupima fosforasi. Njia ya Bray, ya mwaka 1945, hufaa udongo wenye asidi. Ile ya Olsen, ya mwaka 1954, hufaa zaidi udongo wenye chokaa, na tarakimu za njia hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Vivyo hivyo, pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, iliyopimwa katika maji kwa kawaida huwa juu kuliko iliyopimwa katika kloridi ya kalisi. Utakapopima tena baada ya miaka michache, chukua sampuli kwa kina kile kile, katika msimu ule ule, na uombe maabara itumie njia ile ile.